Wasomaji Wanauliza: Kutoka Kusoma Tsukihime hadi Kupigana Melty Blood

Safari hii ukurasa wote tumeuachia mchezo mmoja. Melty Blood ni gemu ya mapigano iliyochipuka kutoka Tsukihime, riwaya inayosomwa kwenye skrini pamoja na picha, muziki na njia za kuchagua. Maswali mengi yanahusu toleo jipya, Melty Blood: Type Lumina, lililotoka tarehe 30 Septemba 2021 kwa PS4, Xbox One, Nintendo Switch na kompyuta.

Kwanza tuelewane kuhusu alama. Wachezaji huandika mielekeo kwa namba kama zilivyopangwa upande wa kulia wa kibodi ya kompyuta, mhusika akiwa anatazama kulia. 5 ni katikati, yaani hujagusa mwelekeo wowote. 6 ni mbele, 4 nyuma, 2 chini, 8 juu, na zilizobaki ni pembe. A ni pigo jepesi, B la kati, C zito, D ngao. Ukiona 236A, maana yake chini, chini-mbele, mbele, kisha A.

Nimeambiwa nisiguse gemu hii mpaka nimalize kusoma Tsukihime. Ni kweli? Na kama ni kusoma, nianze na ipi?

Si kweli. Mapigano yanajitegemea, na hali ya hadithi ndani ya Type Lumina inamweleza kila mhusika kiasi cha kutosha kujua kwa nini wanakamatana mashati.

Hata hivyo, mpangilio wa vitu hivi unachanganya, basi tuupange. Tsukihime ya awali iliuzwa Desemba 2000 kwenye Comiket, soko kubwa la kazi za watu binafsi huko Tokyo. Kinoko Nasu aliandika, Takashi Takeuchi akachora, na kundi lao likajiita Type-Moon. Miaka miwili baadaye, Desemba 2002, Type-Moon wakishirikiana na Watanabe Seisakujo, ambao leo wanajulikana kama French-Bread, wakaitoa Melty Blood ya kwanza sokoni hapohapo. Ndani yake alizaliwa Sion Eltnam Atlasia, mhusika ambaye hayumo katika riwaya yenyewe. Kisha yakafuata matoleo mengi: ReACT, Act Cadenza iliyoingia kwenye mashine za kumbi za michezo, na Actress Again, ambayo toleo lake la mwisho, Current Code, liliwekwa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, mwaka 2016 na bado lina wapenzi wake.

Type Lumina imeanza upya. Inafuata Tsukihime -A piece of blue glass moon-, riwaya iliyoandikwa upya na kutolewa Agosti 2021, mwezi mmoja tu kabla ya gemu. Ndiyo maana utakutana na Noel na Vlov Arkhangel, ambao hawamo katika Tsukihime ya mwaka 2000, na utamkosa Sion. Ukitaka kusoma, soma hiyo ya 2021; toleo lake la Kiingereza lilitoka Juni 2024. Ujue tu kwamba inabeba njia mbili za hadithi, ya mhusika Arcueid na ya mhusika Ciel. Ukimpenda Akiha au Kohaku ndani ya ulingo kisha ukaenda kutafuta njia yake humo, utarudi mikono mitupu.

Nikibonyeza A mfululizo mhusika anamaliza kombo nzima, yaani mapigo yanayoungana, peke yake. Wenzangu wananicheka eti sichezi, nabonyeza tu. Niache?

Waache wacheke kidogo, lakini wana hoja yao.

Hiyo inaitwa Rapid Beat, na waundaji wameiweka makusudi ili mgeni asikae mwezi mzima chumba cha mazoezi kabla ya kupata raha. A za mfululizo zinapiga ardhini, zinamrusha mpinzani juu, kisha zinamfuata hewani. Maumivu yake si haba. Tatizo ni kwamba vidole vinazoea kuendelea bila macho kuuliza kama pigo limeingia. Mwenzako akiwa amejikinga na wewe bado unabonyeza, mfululizo unakwenda hadi pigo la kumrusha, na hilo linachelewa kurejea. Hapo unakuwa umesimama wazi na yeye keshaachia kinga. Mpinzani anayeijua Rapid Beat hahitaji hata kukusoma, anasubiri tu pigo lile.

Ukitaka kujitoa, usikimbilie kombo ndefu za video. Fanya hivi. Ingia chumba cha mazoezi, weka mpinzani wa kompyuta ajikinge kwa bahati nasibu, yaani mara ajikinge mara asijikinge. Piga 2A, 2B, basi. Tazama. Mapigo yakiingia, endelea 5C, 2C, kisha 3C linalomrusha juu. Akiwa amejikinga, simama palepale. Rudia mpaka macho yaamue yenyewe. Mapigo mawili yanakupa muda wa kuona. Pigo moja jepesi ni fupi mno kwa jicho la binadamu, na anayesema anaona pigo moja huwa anabahatisha.

Baada ya 3C shikilia mshale wa juu ili uruke kumfuata, kisha hewani B, hewani C, ruka mara ya pili, tena B, C, umalizie kwa mwereka wa angani, A na D kwa pamoja. Mfumo huu unafanya kazi kwa wahusika wengi, ingawa umbali unabadilika. Makosa ni mawili ya kawaida. La kwanza, C ya kwanza ya hewani kubonyezwa mapema sana ukiwa bado chini yake, na pigo linapita hewa tupu. La pili, mruko wa pili kuchelewa, mpinzani akapata nafasi ya kujinyanyua na kutoroka. Kama unakosea palepale kila mara, kata kombo: fanya 3C na mruko tu, mara nyingi, bila kinachofuata.

Ukishazoea, kuna kitu kitamu zaidi, na kwa maoni yetu ndicho kinachoitofautisha Melty Blood na gemu nyingi za aina yake. Kwa kawaida mapigo hupanda ngazi: jepesi, la kati, zito. Hapa unaweza pia kushuka, kutoka zito kurudi jepesi, ilimradi hurudii pigo ulilokwisha kulitumia katika mfululizo huo. Inaitwa Reverse Beat. Mpinzani akijikinga dhidi ya 5B, 5C na 2C, huna haja ya kubaki na uzito wa 2C mkononi. Unashuka kwa 2A ambayo inarejea haraka, na sasa hajui kama umemaliza au utaanza upya. Gharama yake ni kwamba kombo itakayofuata inapungua maumivu. Kwa hiyo itumie mpinzani akiwa amejikinga. Ndani ya kombo inayoingia, panda tu.

Nataka 236 inatoka 623. Nimebadilisha padi mara mbili, tatizo lilelile.

Padi haina kosa. Unaingia ukiwa unatembea mbele, yaani tayari umeshika 6, kisha unafanya 236. Gemu inasoma 6, 2, 3, 6, na ndani yake mna 6-2-3. Gemu nyingi za mapigano huipa kipaumbele amri ya 623 kwa sababu ni ngumu zaidi, zikidhani ndiyo uliyoikusudia. Achia mshale urudi 5 kidogo kabla ya kuanza 2. 

Washa maonyesho ya amri katika chumba cha mazoezi uone namba zako zikipita pembeni. Dakika chache za kuyatazama zinafichua mengi kuliko kubadilisha vifaa. Wengine utakuta pembe ya 3 haipo kabisa: inatoka 2 kisha 6. Wengine wanabonyeza kitufe kabla 6 haijafika. Hayo ni magonjwa tofauti na dawa zake ni tofauti, kwa hiyo tazama kwanza ndipo utibu.

Kwa wanaotumia kibodi: kibodi nyingi za kawaida hushindwa kusoma baadhi ya vitufe vitatu vikishikwa kwa pamoja. Ukiona A+B+C haitoki ilhali umebonyeza sawasawa, hamishia vitufe kwenye herufi nyingine, au weka mchanganyiko huo kwenye kitufe kimoja.

Kila nikitumia ngao nakufa.

Kwa sababu unaitumia kama kinga ya kawaida. Ngao, D, ni dau. Ukiipata, unaweza kujibu papo hapo kwa A, B au C na kupindua mambo. Ukiikosa, uko wazi.

Ngao ya kusimama haimudu ngwala wala pigo lolote la chini, na ngao ya kuinama haimudu pigo la juu. Zote mbili zinashindwa na mwereka. Mpinzani akishaona unapenda D, atakusogelea na kukubwaga bila kupiga chochote. Hivyo iweke kwa pigo unalolijua litakuja: mtu ambaye kila akiruka lazima apige C, au anayemalizia mfululizo wake kwa kitu kilekile. Wakati mwingine wote shika nyuma ujikinge.

Kuna wahusika 22 na sijui nimshike nani. Mnapendekeza nani kwa anayeanza?

Gemu ilianza na 14, wengine 8 wakaongezwa bila malipo hadi mwishoni mwa 2022, kwa hiyo hakuna aliyefungiwa nyuma ya pochi. Sifa kwao kwa hilo.

Uzuri wa gemu iliyotoka kwenye riwaya ni kwamba hadithi inakudokeza kazi ya kila mmoja. Shiki Tohno anaona mistari ya kifo kwenye vitu na silaha yake ni kisu. Kisu ni kifupi. Ulingoni naye hana mkono mrefu, lazima aingie karibu na abaki karibu. Ciel hurusha panga zake, kwa hiyo ana la kusema hata akiwa mbali. Noel ana silaha ya mpini mrefu, anakugusa pale unapodhani uko salama. Miyako Arima ni mtoto anayepigana mikono mitupu: mfupi, mwepesi, mkali akikufikia. Kouma Kishima anakunyakua kwa mkono mmoja. Mwereka wake ndio hofu yenyewe, na ngao yako kwake ni mwaliko.

Kwa kuanza tungemchagua Arcueid au Shiki. Si kwamba ni rahisi kuliko wote. Ila mapigo yao yanafanya yanachoonekana kufanya, na ukishindwa unajua ulishindwa wapi. Hisui na Kohaku kama timu ya watu wawili waache kwanza, kwani kufuatilia miili miwili wakati bado unatafuta kitufe cha C ni kujitesa. Saber, mgeni kutoka Fate, hadithi nyingine ya Type-Moon, atakuvutia kwa jina lake, na si chaguo baya.

Nikicheza mtandaoni wahusika wanaruka kama picha zilizokatwa. Kipimo cha intaneti kinaonyesha kasi kubwa. Shida nini?

Kasi ya kupakua haihusiki sana. Gemu ya mapigano hutuma data kidogo mno. Kinachoiumiza ni muda wa safari na kuyumba kwake.

Gemu inakwenda fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, hivyo fremu moja ni takriban milisekunde 16.7. Ping ni muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kwa milisekunde. Ping ya 100 maana yake ujumbe unachukua karibu milisekunde 50 kufika upande wa pili, yaani fremu 3. Katika mifumo ya zamani, gemu ilichelewesha vitufe vya wote wawili kwa muda huo. Ulibonyeza na kusubiri, kama unapigana ndani ya maji. Type Lumina inatumia mfumo ambao wachezaji wanauita rolibaki. Kitufe chako kinaitikia mapema, na gemu inakisia mpinzani anaendelea na alichokuwa akifanya. Ujumbe halisi ukifika na ukapingana na kisio, gemu inarudi nyuma fremu kadhaa, inazihesabu upya na kukuonyesha matokeo sahihi. Marekebisho ya fremu 2 au 3 huyaoni. Ya fremu 7 au 8 ndiyo hiyo picha iliyokatwa: alikuwa amesimama, ghafla yuko hewani na pigo limeshakufikia.

Sasa, ping ya 90 isiyotikisika inachezeka vizuri kuliko ping ya 40 inayopanda hadi 150 kila sekunde chache, na chanzo kikuu cha kupanda huko ni waifai. Ukuta, simu za nyumbani, jirani mwenye mawimbi yaleyale, vyote vinachelewesha vipande vya data bila mpangilio. Waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye mashine yako ndio marekebisho ya kwanza, na mara nyingi ya mwisho. Ukishindwa kabisa kuweka waya, tumia mawimbi ya 5 GHz, sogea karibu na ruta, na uzime vinavyopakua nyuma ya pazia.

Lipo na jingine ambalo wenye kompyuta dhaifu hulisahau. Kurudi nyuma na kuhesabu upya kunataka mashine ifanye kazi ya fremu kadhaa ndani ya muda wa fremu moja. Kompyuta yako ikishindwa kushika 60, hata mpinzani ataumia. Punguza ubora wa picha mpaka isishuke kamwe. Na kwenye televisheni washa hali ya michezo. Bila hiyo baadhi huongeza ucheleweshaji wao wenyewe, ambao hakuna mtandao utakaouondoa.

Mwisho, kumbuka mwenye PS4 hakutani na mwenye Steam. Kabla ya kununua, uliza wenzako wako wapi.

Mwanangu ana miaka 12 na anaomba hii gemu. Nimpe?

Mzazi wetu, mapigano yenyewe yana damu na wanyonya damu lakini si ya kutisha sana. Angalia alama ya umri iliyo kwenye toleo la nchi yako. Riwaya ndiyo ya kuwekea mpaka. Tsukihime ya mwaka 2000 ilikuwa ya watu wazima, ina matukio ya ngono. Ya 2021 imeyaondoa, ila mauaji yameelezwa kwa kina. Tungemwacha acheze, asome baadaye.

Kuna gemu nyingine za namna hii?

Zipo. Fate/unlimited codes ya Capcom, mwaka 2008, ilitoka kwenye Fate/stay night, na ina maumbo ya pande tatu. Umineko, riwaya nyingine ya skrini, ilipata Golden Fantasia, ambapo unachagua wawili na kuwabadilisha katikati ya pambano. Usipofikiria jozi umeshindwa nusu kabla ya kengele. Nitroplus Blasterz ya 2015 inakusanya wahusika wa riwaya nyingi za kampuni moja. Kwa anayependa vya kale, Eternal Fighter Zero ya 2001 ilitengenezwa na mashabiki ikiwa na wahusika wa Key, kampuni ya riwaya za skrini, na ilitangulia hata Melty Blood. Kwa upatikanaji wa wapinzani leo, Type Lumina bado ndiyo tungenunua kwanza.

Mimi na wenzangu tuna riwaya yetu ya skrini, wahusika wanane. Tunataka kuifanya gemu ya mapigano. Tuanzie wapi na ni nini huwaangusha watu?

Huwaangusha hesabu ya picha. Anzeni na wahusika wawili. Riwaya ya skrini inahitaji mhusika mmoja awe na mikao michache na nyuso kadhaa. Katika mapigano mhusika huyohuyo anasimama, anatembea mbele na nyuma, anaruka, anainama, anajikinga juu na chini, anaumia kwa namna mbalimbali, anaanguka, anainuka, ndipo mje kwenye mapigo. Ni mamia ya picha kabla hajawa na pigo lake maalumu. Wanane ni kaburi la mradi.

M.U.G.E.N ya Elecbyte, programu ya kutengenezea gemu za mapigano, au Ikemen GO inayoelewa mafaili yaleyale, inatosha kujaribia. Mhusika anagawanyika hivi: .sff inabeba picha, .air mpangilio wa mwendo na maboksi ya kugusana, .cns tabia na mapigo, .cmd amri za vitufe, .snd sauti, na .def inayaunganisha. Ndani ya .air kuna maboksi ya aina mbili: Clsn1 linaloumiza na Clsn2 linaloumizwa. Kosa la kwanza la kila mtu ni kuchora Clsn2 kufuata nywele na nguo. Mhusika mwenye sketi pana anageuka shabaha kubwa, wachezaji wanamkimbia. Fuateni kiwiliwili tu. Na pigo likitaka kuwa na nguvu dhidi ya mengine, Clsn1 yake itangulie mbele kuliko Clsn2.

Kila pigo lina sehemu tatu: kujiandaa, kupiga, kurejea. Chukueni pigo jepesi lenye fremu 5 za kujiandaa, 3 za kupiga na 8 za kurejea. Likigusa kwa fremu ya kwanza ya kupiga, mpigaji amebakiza 2 na 8, yaani 10. Mkimgandisha aliyejikinga kwa fremu 12, mpigaji anamtangulia kwa 2 na anaweza kuendelea kushinikiza. Mkimgandisha kwa 8, mpigaji anachelewa kwa 2 na zamu inahama. Namba hiyo moja inaamua tabia ya mhusika kuliko maelezo yote ya wasifu wake. Mwenye haraka katika hadithi apewe ziada kwenye mapigo mepesi. Mwenye nguvu acheleweshwe, lakini pigo lake likiingia liume.

Chezeni na maboksi matupu ya rangi kabla hamjachora chochote. Pambano la maboksi mawili likiwa halifurahishi, picha nzuri hazitaliokoa, na mtakuwa mmechora bure. Riwaya ikiwa yenu hakuna tatizo la haki; mkitaka kumwalika mhusika wa Type-Moon kama mgeni, ombeni ruhusa kwanza.